Kipimo cha malaria kuonyesha vimelea si mwisho wa uchunguzi kwa mtoto mahututi

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa miaka miwili anapopandwa na homa kali, akapumua kwa shida na kushindwa hata kunyonya, mzazi wa Segese huwa na jina moja la ugonjwa mdomoni kabla hajafika kwa mganga: malaria.

Kata hiyo ya Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, imo katika ukanda wa dhahabu unaoungana na Mkoa wa Geita, na dhana ya mzazi huyo haikuja hivi hivi. Utafiti wa kitaifa kuhusu malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 17 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Geita, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Mwaka 2022 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na asilimia 16, mara mbili ya wastani wa taifa wa asilimia 8.

Kwa sababu hiyo kipimo cha haraka cha malaria, ambacho watumishi wa afya hukiita mRDT, ndicho hufanyika kwanza. Kikionyesha mistari miwili, pande zote huridhika. Mzazi amepata alichokitarajia, na mganga amepata cha kuandika.

Hata hivyo, kwa mtoto mahututi mistari hiyo miwili hujibu swali moja tu kati ya matatu. Inaeleza kwamba vimelea vya malaria vipo, au vilikuwapo wiki chache zilizopita. Haielezi kama vimelea hivyo ndivyo vinavyotishia uhai wa mtoto. Wala haielezi kama, sambamba na malaria, bakteria wamekwishaingia kwenye damu, kwenye mapafu au kwenye utando unaofunika ubongo.

Maswali hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayowaumiza vichwa madaktari wa watoto, kwa kuwa dawa zake hazifanani. Artesuneti ya sindano haiwagusi bakteria, na seftriaksoni haiviui vimelea vya malaria. Ndiyo maana kwa miaka mingi wanasayansi wamekuwa wakisaka viashiria ndani ya damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo ambavyo vingeweza kusema haraka kama mtoto ana maambukizi ya bakteria. Baadhi ya tafiti kubwa za aina hiyo zimefanyika hapa hapa Tanzania na kwa majirani Kenya na Uganda.

Wasio na malaria walikufa zaidi

Uzito wa tatizo hili ulidhihirika mwaka 2004, pale jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilipochapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474, watoto na watu wazima, waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali.

Damu zao zilipopimwa upya kwa uangalifu kwa hadubini, ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea. Waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9. Wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Kwa maneno mengine, kundi lililoitwa la malaria bila kuwa na malaria ndilo lililokuwa hatarini zaidi, na takriban theluthi yao hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria.

Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo ilitoa picha yake. Katika watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mwilini kati ya mwaka 2001 na 2002, asilimia 13.9 walithibitishwa na maabara kuwa na bakteria kwenye damu. Kati ya waliothibitishwa, asilimia 34.9 walifariki dunia. Malaria katika wodi hizo hizo iliua asilimia 20.2.

Muheza, mkoani Tanga, eneo ambalo wakati huo lilikuwa na malaria nyingi kupita hata ukanda wa dhahabu wa leo, watoto 3,639 waliolazwa na homa katika Hospitali Teule kwa mwaka mmoja walichunguzwa wote, na matokeo kuchapishwa mwaka 2010. Watoto 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria. Watoto 341 walikuwa na bakteria waliopenya ndani ya mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliokuwa ukitumika, ambao hutegemea dalili anazoziona mganga kwa macho na kuzisikia kwa masikio, ulishindwa kuwatambua karibu theluthi ya watoto hao wenye bakteria.

Hakuna sababu ya kudhani kuwa jicho la mganga wa Kahama au Geita linaona zaidi ya lile la Muheza.

Malaria inapofungua mlango

Mkanganyiko una sababu tatu, na zote zipo Segese.

Kwanza, mahali penye malaria nyingi, mtoto anaweza kutembea na vimelea vichache bila kuugua. Siku akipata nimonia ya bakteria, kipimo kitaonyesha malaria, na ni kweli anayo, ila siyo inayomlaza kitandani.

Pili, kipimo cha haraka chenyewe hakitafuti vimelea. Hutafuta protini inayotolewa na vimelea, iitwayo HRP2, na protini hiyo huendelea kuzunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita akapona, kisha akapata maambukizi mapya ya bakteria, atapimwa na kuonekana ana malaria.

Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Malaria yenyewe humfungulia bakteria mlango. Chembe nyekundu zinapopasuka kwa wingi, kinga ya mwili huvurugika, na bakteria wa utumbo, hasa wa jamii ya salmonela, hupata mwanya wa kuingia kwenye damu. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walieleza katika jarida la Lancet mwaka 2011 kwamba mwaka 1999, wakati malaria ilipokuwa bado imeshamiri katika eneo hilo, asilimia 62 ya visa vya bakteria kwenye damu ya watoto vilitokana na malaria. Malaria ilipopungua, bakteria hao nao walipungua.

Katika Kanda ya Ziwa kuna jambo la nyongeza ambalo halizungumzwi vya kutosha. Takriban mtoto 1 kati ya 5 kaskazini magharibi mwa Tanzania ana vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na wapo wanaorithi kutoka kwa wazazi wote wawili wakawa wagonjwa kamili. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu ana uwezekano wa kupata bakteria kwenye damu mara 26 zaidi ya mwenzake. Wengi hufikishwa hospitalini wakiwa hawajawahi kupimwa selimundu, na homa yao huitwa malaria.

Kipimo cha uhakika kinachochelewa

Kipimo kinachotegemewa kuthibitisha bakteria kwenye damu ni kuotesha damu maabara. Mililita chache za damu huwekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, chupa ikawekwa kwenye joto linalofanana na la mwili, kisha wataalamu husubiri. Bakteria wakiota, hutambuliwa kwa jina na kujaribiwa dhidi ya dawa mbalimbali ili ijulikane ipi inawaua.

Uzuri wake ni huo wa mwisho: hakuna kiashiria chochote kinachoweza kumwambia daktari dawa gani itafanya kazi. Ubaya wake ni muda. Majibu huanza kupatikana baada ya siku moja hadi tatu, na chupa isiyoota kitu husubiriwa hata siku tano kabla ya kuandikwa kuwa haina bakteria.

Mtoto mahututi hana siku hizo. Utafiti mkubwa wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa, ulibaini kuwa kati ya watoto waliokuwa na bakteria kwenye damu asilimia 28 walifariki, na kati ya hao waliofariki, asilimia 70 walifariki ndani ya siku mbili za mwanzo. Kwa wengi wao jibu la maabara lilikuja likiwa halina wa kumsaidia.

Tena damu ya mtoto ni kidogo na bakteria ndani yake huwa wachache, hivyo chupa inaweza kukosa kuota ilhali bakteria wapo. Iwapo mzazi alipitia duka la dawa njiani na mtoto akanyweshwa amoksilini vijiko viwili vitatu, uwezekano wa kuotesha kitu hupungua zaidi.

Kuotesha damu si kazi ya zahanati wala kituo cha afya. Rufaa ya mwisho kwa wakazi wa Shinyanga na Geita ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, ambako kazi hiyo hufanyika na tafiti zake huchapishwa. Mojawapo, ya mwaka 2010, ilihusu watoto wachanga 300 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Kutoka Segese hadi Mwanza ni safari ya mikoa miwili, na mtoto wa mchimbaji mdogo huianza kwa bodaboda.

Protini ya ini

Hapo ndipo viashiria vya haraka vinapoingia. Maarufu zaidi ni protini inayojulikana kwa kifupi CRP. Iligunduliwa na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na kutangazwa mwaka 1930, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona damu hiyo ina kitu kinachong'ang'ania sehemu ya ganda la bakteria wa nimonia, na kwamba mgonjwa akipona kitu hicho hutoweka.

CRP hutengenezwa na ini pale mwili unapopokea taarifa ya uvamizi. Kwa mtoto mwenye afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita ya damu. Bakteria wakivamia, huanza kupanda baada ya saa 6 hivi na kufikia kilele baada ya siku mbili, wakati mwingine miligramu 200 au zaidi. Chanzo kikidhibitiwa, nusu yake huondoka kila baada ya saa 19, hivyo tiba ikifanya kazi namba hushuka karibu kwa nusu kila siku.

Faida yake ni kwamba hupimwa kwa tone la damu la kidoleni, kwa mashine ndogo ya mezani, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Hakihitaji maabara kubwa.

Kasoro zake nazo ni kubwa. Mtoto aliyeanza kuugua alfajiri akapimwa kabla ya mchana anaweza kuwa na CRP ya chini kabisa huku bakteria wakiongezeka kwenye damu, kwa sababu ini halijapata muda wa kuitikia. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza asiwe na nguvu ya kuitengeneza kwa wingi. Baadhi ya virusi huipandisha kwa kiasi, kama zinavyofanya ajali ya moto na upasuaji.

Na malaria huipandisha sana. Hii ndiyo habari ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya huipitia kwa sentensi moja, na ndiyo inayohusu Geita na Shinyanga kuliko nyingine zote. CRP ya 120 kwa mtoto wa Paris ni kengele ya bakteria. CRP ya 120 kwa mtoto wa Segese mwenye mistari miwili kwenye mRDT yaweza kuwa ni malaria peke yake, au bakteria peke yao waliomkuta mtoto mwenye vimelea vya zamani, au vyote viwili.

Kiashiria cha pili ni prokalsitonini. Kwa kawaida hii ni malighafi ambayo tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni ya kusimamia madini ya kalsiamu, na haimwagiki kwenye damu. Bakteria wakishambulia mwili mzima, karibu kila kiungo huanza kuitoa. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa walieleza katika Lancet kuhusu watoto 79: waliokuwa na maambukizi makali ya bakteria walikuwa na nanogramu 6 hadi 53 kwa mililita, wakati wasio na maambukizi walikuwa chini ya 0.1, na wenye virusi au maambukizi madogo hawakuzidi 1.5.

Matokeo hayo yalizua matumaini makubwa kupita kiasi. Prokalsitonini kweli huwahi kuliko CRP, hupanda ndani ya saa 3 hadi 4, na virusi haviipandishi sana. Hata hivyo, kwa kichanga hupanda yenyewe katika siku mbili za mwanzo baada ya kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Malaria kali nayo huipandisha. Isitoshe, gharama ya kipimo hicho ni kubwa kuliko ya CRP.

Ama kuhusu kuhesabu chembe nyeupe za damu, kipimo kinachopatikana karibu kila hospitali, kinasaidia kidogo kuliko wazazi wanavyodhani. Kiwango cha kawaida hubadilika kwa umri, na katika maambukizi mabaya kabisa chembe hizo zinaweza kupungua badala ya kuongezeka.

Kupima kiasi cha malaria yenyewe

Njia nyingine imegeuza swali. Badala ya kutafuta alama ya bakteria, watafiti wamepima ni malaria kiasi gani mtoto anayo kweli kweli. HRP2 ile ile inayotafutwa na kipimo cha haraka, ikipimwa kwa wingi wake katika maji ya damu, hueleza mzigo mzima wa vimelea, wakiwamo wale waliojificha kwenye mishipa midogo ya ubongo na viungo ambao hadubini haiwaoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia damu za watoto wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, waliokuwa katika jaribio kubwa la artesuneti. Mtoto mahututi mwenye vimelea lakini mwenye HRP2 kidogo, ilionekana, kwa kawaida anaumwa kitu kingine. Mwenye nyingi, malaria ndiyo inayomuua. Wazo ni zuri, lakini mRDT ya kawaida hujibu ndiyo au hapana tu, haitoi kiasi.

Maji ya uti wa mgongo na mkojo

Mtoto akiwa na degedege zisizokoma au amepoteza fahamu, damu peke yake haitoshi. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo inayotokana na bakteria hufanana mno kwa macho. Kinachozitenganisha ni maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano nyembamba kiunoni.

Maji hayo kwa kawaida huwa meupe pee kama ya kunywa. Bakteria wakiingia, huchafuka, chembe nyeupe huongezeka, protini hupanda na sukari hushuka. Sukari hiyo hulinganishwa na ile ya damu iliyochukuliwa wakati huo huo, na sampuli inatakiwa ifike maabara haraka, kwa kuwa ikikaa sukari hupungua na chembe huharibika.

Wazazi wengi huikataa sindano hiyo wakiamini huua au hulemaza. Hofu hiyo ina asili inayoeleweka: huchomwa watoto waliozidiwa tayari, na baadhi yao hufariki kwa ugonjwa. Sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Kuna hali ambazo madaktari huiahirisha, kama mtoto kupumua kwa shida sana au kuwa na dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu, na hapo dawa huanzishwa bila kuisubiri.

Mkojo nao una viashiria vyake, na ni vya bei nafuu. Kijiti cha karatasi kinachochovywa hubadilika rangi kikikuta kimeng'enya cha chembe nyeupe, na nitraiti inayotengenezwa na bakteria. Kwa mtoto anayekojoa kila mara, mkojo haukai kwenye kibofu muda wa kutosha kwa nitraiti kutengenezwa, hivyo kukosekana kwake hakuondoi shaka. Na mkojo uliokingwa kwenye mfuko wa plastiki huchafuliwa na bakteria wa ngozi. "UTI" nyingi zinazoandikwa kwenye kadi za kliniki zimezaliwa humo.

Vipo pia vipimo viwili ambavyo havisemi kama ni bakteria au la, bali husema mtoto amefikia wapi. Sukari ya damu ikishuka ni dharura ya dakika hiyo, iwe ni malaria au bakteria. Lakteti, asidi ambayo tishu huitoa zinapokosa hewa, ikiwa juu huashiria hatari ya kifo kwa ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili.

Majaribio ya Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya

Tanzania ndiko kulikofanyika jaribio lililoonyesha kwamba viashiria hivi vinaweza kutumika nje ya hospitali kubwa. Msingi wake ulikuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 70.5 walikuwa na magonjwa ya virusi, asilimia 22 ya bakteria na asilimia 10.9 ya vimelea kama malaria.

Kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto 3,192 wa miezi 2 hadi 59 katika vituo tisa vya Dar es Salaam walitibiwa kwa kufuata programu ya kompyuta ndogo ya mkononi. Kundi moja liliongozwa na dalili na mRDT. Kundi jingine liliongezewa CRP, prokalsitonini, wingi wa damu, sukari na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. CRP ilihesabiwa kuwa ya bakteria kuanzia miligramu 80, prokalsitonini kuanzia 4, viwango vya juu kuliko vinavyozoeleka Ulaya.

Waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 29.7 katika kundi la kwanza na 11.5 katika la pili. Tiba ilishindwa kwa asilimia 4.1 na 2.3 mtawalia. Walipewa dawa chache na walipona vizuri zaidi.

Toleo jipya la programu hiyo lilijaribiwa baadaye katika vituo 40 vya Morogoro na Mbeya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha antibayotiki zikishuka kutoka asilimia 70.1 ya watoto hadi 23.2, bila kuongeza idadi ya walioshindwa kupona.

Tahadhari inahitajika hapa. Watoto wa majaribio hayo kwa sehemu kubwa walikuja kwa miguu yao au mgongoni mwa mama zao na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwao kiashiria cha chini kilikuwa ruhusa ya kutotoa dawa. Ruhusa hiyo haihamishiki kwa mtoto aliyepoteza fahamu.

Kwa mtoto mahututi miongozo inasema vingine. WHO katika mwongozo wake wa malaria wa mwaka 2015 ilielekeza kwamba, katika maeneo yenye malaria ya kiwango cha kati au juu, kila mtoto anayeshukiwa kuwa na malaria kali apewe pia antibayotiki ya kuua bakteria wa aina nyingi, hadi maambukizi ya bakteria yatakapoondolewa shaka. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 kuhusu watoto wenye sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili, inataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa moja mtoto akiwa ameishiwa mzunguko wa damu, na ndani ya saa tatu kama hajafikia hapo.

Hivyo kazi ya CRP na prokalsitonini kwa mtoto huyu si kuamua kama dawa zianze. Zimeshaanza. Kazi yake ni kusaidia kuamua lini zikome, namba zikishuka siku ya pili na ya tatu, chupa ya damu ikiwa haijaota na mtoto akiwa ameanza kula. Swali hilo si dogo: Muheza, zaidi ya nusu ya bakteria waliooteshwa hawakuuawa na dawa zilizopendekezwa wakati huo, na kila siku ya seftriaksoni isiyohitajika huwapa bakteria wa wodini nafasi ya kuizoea.

Hata katika hilo ushahidi haujakaa upande mmoja. Jaribio la hospitali 15 za England na Wales lililohusisha karibu watoto 2,000 waliolazwa, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2025, halikuona kuwa kumpa daktari namba za prokalsitonini kulifupisha siku za dawa za mshipa. Hospitali hizo tayari zilikuwa na utaratibu wa kupitia upya dawa za kila mtoto, na kuotesha damu ni jambo la kawaida kwao.

Mjini Jinja, Uganda, watafiti wamefuata njia nyingine. Walichapisha mwaka 2021 matokeo ya watoto wenye homa yakionyesha kuwa protini iitwayo sTREM-1, inayotolewa na chembe za kinga zinapochokozwa, hubashiri nani yuko hatarini kufa kuliko CRP na prokalsitonini, bila kujali chanzo ni malaria au bakteria. Lengo lao ni kupata kijiti kama cha mRDT ambacho muuguzi wa zahanati angekitumia kuamua nani apewe rufaa na nani abaki.

Katika zahanati isiyo na mashine ya CRP, utaratibu wa magonjwa ya watoto unamtaka mtumishi ampe mtoto mwenye dalili za hatari dozi ya kwanza ya dawa ya malaria kali na ya antibayotiki, apime sukari au kumpa maji ya sukari, kisha amwandikie rufaa. Kinachoandikwa kwenye karatasi hiyo ya rufaa kina uzito kuliko kinavyoonekana: saa homa ilipoanza, dawa zilizotolewa na saa zilipotolewa, pamoja na zile zilizonunuliwa dukani kabla ya kufika kituoni. Daktari atakayempokea mtoto Kahama au Mwanza hawezi kuisoma namba ya CRP bila kujua saa hizo.